Siku Niliyonyooshea Mbuzi wa Watu Kidole

Kitengela, Jumapili, Agosti 2007. Baridi.

Jua halijatoka tangu asubuhi. Mawingu yamelala juu ya mji kama blanketi ya jela, na usiniulize blanketi ya jela nimeijulia wapi. Niko dukani, mlango nimefungua nusu, nimezungukwa na betri na sola ambazo hakuna mtu amekuja hata kuuliza. Siku kama hii ukimwambia mteja kwamba jua lipo anakuona mwongo.

Mke wangu ametoka kanisani akanikuta nimekaa kimya. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso aone kama niko na homa.

Sina homa. Niko na aibu.

Jana nilikaribia kuvunja ndoa ya mtoto wa ndugu yangu kwa kidole kimoja. Hiki cha shahada, cha mkono wa kulia. Nakitazama sasa hivi kikibonyeza hizi herufi na bado sikiamini.

Wale ambao husoma hapa mnanijua. Kwa mgeni, wacha nijitambulishe. Mimi ndiye niliyetoa trela Mombasa nikaifikisha Lubumbashi. Nimelala Kigali, nimelala Bujumbura, nimelala chini ya trela pale Malaba nikingoja karatasi mpaka madereva wenzangu wakanichagua mwenyekiti. Naweza kumsalimia bibi ya mtu kwa lugha nyingi, na kumwomba bwanake msamaha kwa zote. Shule niliiacha kidato cha pili. Si kwamba sikuwa na akili. Akili ilikuwa nyingi, ikawa inamwagika.

Tangu niache barabara nauza betri na sola hapa Kitengela. Nusu ya maboma yenye taa kutoka hapa hadi Mashuuru, taa ni yangu. Sawa, robo. Lakini niko.

Hata hii kompyuta nimeiunda mwenyewe kutoka kwa maiti za kompyuta zingine.

Sasa, Mutheu.

Mutheu ni binti ya kaka yangu mkubwa wa Machakos. Kaka yangu ni mtu mpole sana. Kuku wakiingia nyumbani kwake, yeye ndiye hutoka. Kwa hivyo katika familia yetu, jambo lolote la kuongea huletwa kwangu. Mutheu yuko Marekani, anasoma yale masomo ya mwisho mwisho, na huko wanajenga darubini ya kubebwa na satelaiti. Si darubini yote ni yake. Yake ni bodi moja ya umeme, kama zile za ndani ya redio, ukubwa wa kipande cha sabuni. Alikuja likizo na moja iliyokufa, akaniwekea mkononi. Nikainusa. Kwa redio, ukinusa bodi unajua imekufa kifo gani. Hii haikuwa na harufu yoyote.

"Hii imekufa na heshima," nikamwambia.

Akacheka, lakini si sana.

Nilimfanya anieleze kazi yake mpaka nikaielewa, na nitaieleza hapa kwa sababu nimechoka kuulizwa kama anaenda mwezini. Kuna mwanga ambao jicho halioni, ule wa jua unaochoma ngozi. Nyota changa, zile zenye moto mkali, huutoa kwa wingi. Lakini hewa yetu huuzuia mwingi usifike huku chini, na ndiyo maana bado tuko na ngozi. Sasa ukitaka kuziona hizo nyota kwa mwanga huo, lazima utoke nje ya hewa. Na zikiwa mbali sana, mwanga haufiki kama mto. Unafika punje moja, halafu unangoja, halafu punje nyingine.

Hiyo punje inagonga sahani yenye vitundu vidogo kuliko unywele. Ikigonga, kuna kitu kidogo cha umeme kinaruka ndani ya kitundu, kinagonga ukuta, vinaruka vingine, hivyo navyo vinagonga, mpaka upande wa pili linatokea kundi. Ni kama habari ya Kitengela. Unamwambia mtu mmoja pale saluni, kabla chai ya saa kumi stendi nzima inajua. Halafu hilo kundi linaangukia nyaya nyembamba, na bodi ya Mutheu ndiyo inaangalia waya gani umepigwa zaidi, ndiyo ijue habari ilianzia mlango gani.

Na ifanye hivyo kwa umeme kidogo sana.

Hapo ndipo nilimwelewa kuliko maprofesa wake wote. Mtu akiniambia habari ya kubana umeme ananiambia habari ya mkate wangu. Huko juu hakuna stima. Kuna sola, na hiyo sola lazima igawe kwa kila kitu kilichobebwa. Tena umeme ukitumika unageuka joto, na huko juu hakuna upepo wa kupoza. Bodi ikishapata joto inaanza kupiga kelele zake yenyewe, na hujui tena ni nyota imeongea au ni bodi inaota.

Nilienda nikatangaza Kitengela nzima. Mwenye bucha akawaambia wateja kwamba msichana wetu atafungwa ndani ya roketi. Jirani yangu wa Busia akaniuliza kama hiyo darubini inaweza kuona mahali bwanake hupotelea siku ya mshahara. Nikamwambia hiyo inataka mwanga mwingine.

Nilifurahi sana na hayo maneno yangu. Sikuangalia uso wa Mutheu.

Kwa sababu ile bodi iliyokufa ilikuwa na maana yake. Ilishindwa majaribio. Wakubwa wake wamemwambia kazi irudiwe, na kurudia ni miaka miwili. Na Desemba hii ndiyo ilikuwa aolewe.

Anaolewa na Lemayian, mwalimu wa hesabu huko Kajiado mjini, kijana mtulivu anayepiga pasi hata soksi. Kwao ni upande wa Mashuuru. Baba yake alifariki, yeye ndiye kifungua mimba, na aliyebaki na neno la mwisho ni mama yake. Watu wao walikuwa wameshakuja Machakos, mambo yakaenda vizuri. Halafu mama akasikia habari ya miaka miwili. Akatuma neno fupi: waje waniambie wenyewe.

Lemayian mwenyewe alikuja hapa dukani wiki hii. Akakaa juu ya betri, akasema bila kuzunguka, "Anko, mama akikataa, mimi siwezi kumpita. Nampenda Mutheu. Lakini siwezi."

Nikamgonga bega. "Kijana, unajua unaongea na nani? Mimi nimeongea na askari wa mpakani wenye njaa."

Jana asubuhi tulipoingia pikapu yangu, Mutheu alifunga mlango akanigeukia. "Anko, nakuomba kitu kimoja. Usiongee sana."

"Mimi?"

"Wewe."

Tukapita Isinya, Kajiado tukanunua sukari, majani ya chai na shuka nzuri ya mama, tukashika barabara ya vumbi. Nilinyamaza karibu njia yote, na mnielewe, hiyo ilikuwa ni kujiwekea akiba.

Walitupokea vizuri. Nikamsalimia mama, "Takwenya," akaitika, "Iko," nikaona tayari tumeshinda. Mutheu akainamisha kichwa, mama akamgusa utosini vile anavyogusa watoto wa pale. Alikuwepo pia mzee mmoja, ndugu ya marehemu baba yake Lemayian, mtu wa macho ya kucheka na mdomo usiocheka. Tukakaa nje, upande wa kivuli, tukapewa chai ya maziwa mengi. Mama anajua Kiswahili sawasawa, maana huuza maziwa sokoni. Lemayian alikuwa ameshanionya kwamba akiudhika hurudi Kimaasai.

Mama hakuzunguka. "Nimesikia anataka kukaa huko miaka miwili tena. Anafanya nini huko ambacho hakifanyiki hapa?"

Aliuliza akimwangalia Mutheu.

Nikajibu mimi.

"Mama," nikasema, "huyu mtoto anahesabu mwanga."

"Mwanga unahesabiwa?"

"Punje kwa punje! Kama maharagwe!"

Aliniangalia vile mteja huangalia betri isiyo na garantii. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikaongeza. Nikaleta nyota, nikaleta sola, nikaleta ile habari ya saluni, na kila nilivyoongeza ndivyo uso wa mama ulivyozidi kwenda mbali. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na mbuzi na kondoo walikuwa wanarudi, vumbi lao limewatangulia. Nikaona mfano umejileta wenyewe kwa miguu.

"Wacha niwaonyeshe!" nikasema, nikaruka, nikasimama kando ya lango. Nikanyoosha kidole.

"Mmoja! Wawili! Watatu! Wanne!"

Nilipaza sauti vizuri, kama makanga anayejaza gari. Kila mbuzi akipita, namnyooshea, namtaja. Nilikuwa nimeshapita kumi nikaona ni mimi peke yangu naongea katika ile boma yote. Hata watoto walikuwa wameacha kucheza.

Nikashusha mkono.

Nimekaa wilaya hii ya Kajiado tangu Kitengela ikiwa maduka ya kuhesabika. Nimeingia maboma ngapi na ngazi na waya. Najua kabisa kwamba mifugo ya mtu haihesabiwi kwa kidole, wala kwa sauti. Kumhesabia mtu mifugo ni kama umeanza kumpunguzia. Hata watoto wake humuulizi wako wangapi. Ningekuwa sijui, leo ningekuwa nacheka. Nilijua. Ni vile mdomo ulikuwa umeshawaka, na mdomo wangu ukiwaka haulizi kichwa.

Yule mzee alitikisa kikombe chake polepole. "Mgeni," akasema, "hata watu wa serikali wa chanjo wakija hapa huhesabu kwa moyo. Wewe umekuja na kidole." Akamgeukia Lemayian. "Na mwalimu wetu wa hesabu amekaa tu!"

Lemayian alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama akasimama. Akasema kitu, si kwa sauti kubwa, kwa Kimaasai. Kisha akaenda langoni, akanipita kama anapita kisiki.

"Amesema nini?" nikamuuliza Lemayian.

Hakutaka kuniambia. Mutheu akamwambia, "Sema."

"Amesema, hawa ni watu wa kuhesabu. Wanahesabu mwanga, wanahesabu mbuzi, kesho watahesabu wajukuu wangu."

Nimeshawahi kuachwa na trela mlimani, breki zimeisha. Nawaambia ukweli, ile ilikuwa afadhali. Kwa breki kuna kitu unaweza kushika.

Nikainama nikang'oa nyasi, nikazishika mkononi, vile wenyeji hufanya wakiomba amani. Zilikuwa kavu, zingine zikabaki na mizizi na udongo ukanimwagikia kiatuni. Nikasimama hivyo, mtu mzima na tumbo langu, nimeshika nyasi kama maua ya kitchen pati. Mama hakugeuka.

Ndipo Mutheu akaweka kikombe chini, akaenda.

Hakwenda kwa haraka. Alisimama kando ya mama, nyuma kidogo, na hakusema kitu. Mbuzi wakaendelea kuingia. Wakaja kondoo. Mutheu kimya. Nikataka kumpigia kelele, ongea, mtoto, ongea! Nilikuwa na maneno mazuri ya kumpa, nilihisi yananiwasha kooni. Yeye aliangalia tu lango, mama akiangalia lango, na mimi na nyasi zangu.

Wanyama wakapungua, wakaisha. Mama hakufunga.

"Yeyo," Mutheu akasema, vile Wamaasai humwita mama, "wameingia wote?"

"Bado."

"Nani hajaingia?"

"Yule wa madoa, wa sikio limekatwa. Na mtoto wake."

"Umejuaje?"

Mama akamwangalia kana kwamba ameulizwa amejuaje kwamba amesimama. "Nimejuaje nini? Hayuko."

Mutheu akacheka. Kicheko chake kile cha ukweli, sijakisikia tangu atoke uwanja wa ndege.

"Yeyo, mimi huko sihesabu. Anko anapenda maneno makubwa."

Nikameza hiyo.

"Kile kidude changu kinakaa langoni, hivi," akasema. "Mwanga ukiingia, kinasema, umeingia, umepita hapa. Usipoingia, kinakaa kimya. Hiyo tu. Kile cha kwanza tulikitengeneza vibaya. Kilikuwa kinauliza lango lote kila wakati, umekuja? umekuja? umekuja? hata kama hakuna kitu. Kikala umeme, kikapata joto, kikaanza kuona vitu ambavyo haviko. Sasa najaribu kukifundisha kunyamaza bila kulala."

Kutoka kivulini mzee akasema, "Huyo wa kwanza yuko hapa, ameshika nyasi."

Watoto walicheka wa kwanza. Mama hakucheka, lakini mgongo wake ulilegea kidogo. Nauza vitu kwa watu miaka mingi, najua mgongo wa mtu anayeanza kusikiliza.

"Na wa jirani akichanganyika?" akauliza. "Akiingia ambaye si wako?"

Mutheu akageuka mzima mzima. "Hiyo ndiyo shida yangu, Yeyo! Hiyo hiyo. Kuna vitu vinagonga na si mwanga wa nyota. Hawa ndio wamenirudisha nyuma. Miaka miwili ni ya hao."

Mama akamwangalia. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza anamwangalia vizuri, si nguo, si viatu.

Yule mbuzi wa madoa akatokea kwenye vumbi, anajivuta, mtoto wake nyuma akilia kama ameonewa. Wakaingia. Mama akashika tawi la miiba la kufunga lango, Mutheu akashika upande wa pili wakavuta pamoja. Mutheu akachomwa. Akanyonya kidole.

Kisha mama akauliza lile lililokuwa moyoni mwake muda wote, nadhani.

"Hicho kidude kikienda juu, kinarudi?"

Nilikuwa na jibu. Jibu zuri, la kuzunguka, lingefika Namanga na kurudi kabla mtu hajajua halijajibu. Nikang'ata mdomo. Nasema kweli, niliung'ata kwa meno.

Mutheu hakuzunguka. "Hapana, Yeyo. Kikienda kimeenda. Hata kikiharibika hakuna mtu wa kukifuata."

"Na wewe?"

Kulikuwa na upepo kidogo. Nikamtupia jicho Lemayian. Alikuwa ameinua uso kutoka kwa viatu, na nikaona kitu ambacho na ujanja wangu wote sikuwa nimekiona hapa dukani alipokaa juu ya betri. Yeye pia alikuwa anangoja hilo jibu. Kijana alikuwa hajawahi kuthubutu kuliuliza.

"Mimi sitakuwa ndani yake," Mutheu akasema. "Mimi nabaki chini. Nikishakimaliza kinafungwa huko ndani na hakuna mkono wa mtu utakigusa tena, hata wangu. Hapo kazi yangu ya huko imeisha. Kile kitakuwa kinasema huko juu, hata nikiwa Kajiado naweza kukisoma. Kukiwa na stima."

"Stima ya Kajiado?" mama akasema.

Hapo tulicheka wote, mpaka mzee. Yule mzee alicheka na mdomo.

Nilitaka kusema kwamba niko na betri. Nzuri, za kudumu, na ningewafungia sola bure. Sikusema. Naomba Mungu aandike hiyo mahali.

"Sikuwa nataka uache kazi," mama akaendelea, sauti imeshuka. "Nilitaka kujua kama unajua njia ya kurudi. Watoto wa watu wanaenda huko, wanatuma picha. Picha haifungi lango."

"Najua njia, Yeyo. Lakini siwezi kukudanganya kwamba sitachelewa."

Mama akazunguka akaingia kwa kondoo, akainama katikati yao, akatoka akiburuta kondoo jike mchanga, mweupe, kichwa cheusi. Akaushika mkono wa Mutheu, ule uliochomwa, akauweka juu ya mgongo wa yule kondoo.

"Huyu ni wako," akasema. "Atakaa hapa na wangu, atazaa hapa. Jioni nikiangalia lango, nitaona mwenye huyu hajaingia."

Kisha akasema, "Na uache kuniita Yeyo. Utaniita Paker. Mimi pia nitakuita Paker."

Kwa wasiojua: kwa Wamaasai, watu waliopeana kondoo huitana hivyo, Paker, wewe kwake na yeye kwako, mpaka kaburini. Bibi harusi hupewa mifugo siku ile anaingia bomani kwa bwanake. Si kabla. Mama alikuwa ameruka siku yote ya harusi akaenda kusimama upande ule mwingine.

Hata mzee alishtuka. "Hiyo si ya siku ya harusi?"

"Harusi itangoja miaka miwili," mama akasema. "Kondoo haingoji." Akanipita tena, safari hii akasimama. Akaangalia mkono wangu. "Weka hizo nyasi chini, baba. Mbuzi watakula na vidole."

Lemayian alikuwa anafuta macho kwa soksi. Sawa, kwa kitambaa. Lakini kilikuwa kimepigwa pasi.

Tulifika Kitengela giza likiwa limeshaingia. Mutheu alilala njiani, kichwa kwenye kioo, na mimi nikaendesha bila redio.

Tangu jana nafikiria ile bodi ya kwanza, inayouliza umekuja, umekuja, umekuja. Nimekaa miaka mingi nikifikiri mdomo ndio kazi yangu. Mpakani ulinisaidia, sokoni unanilisha. Watu wakiwa na jambo wanasema, mwiteni huyo, ana maneno. Na mimi huenda, nikifika naanza kuongea kabla sijakaa. Nimeongea kwenye ndoa za watu, nimeongea kwenye matanga, nimeongea hospitalini mtu akiwa anataka tu kushikwa mkono. Sijui ni wangapi walikuwa wanataka kuniambia kitu wakakosa mahali pa kuingilia.

Lemayian alikaa hapa juu ya betri na lile swali tumboni. Nikampiga bega nikamsimulia habari ya askari.

Mke wangu nilimweleza yote jana. Alisikiza mpaka mwisho. Nikangoja anicheke, maana hiyo ni haki yake. Akasema tu, "Na mimi hunihesabia nini?" Akaenda kulala. Bado sijajua alimaanisha nini, na naogopa kuuliza, kwa sababu nitalazimika kungoja jibu.

Nisijidanganye. Kesho asubuhi mteja akiingia hapa, nitamwambia betri zangu ziliwahi kuwasha Bujumbura nzima. Ndivyo nilivyo, na watoto wangu wanakula hicho. Sijaribu kuwa kaka yangu, kuku watanifukuza. Nataka tu kujifunza kukaa langoni mwa mtu bila kujaza lango. Je, inawezekana kwa mtu wa umri wangu? Bodi ikishindwa inapewa miaka miwili. Mtu anapewa ngapi?

Mchana huu, nikiwa katikati ya kuandika haya, Mutheu akiwa amekuja kukaa na mimi, simu yake imelia hapa dukani. Alikuwa Lemayian. Amepanda kilimani kutafuta mtandao, na amepanda na mama yake, mwanamke ambaye amekuwa akisema simu ni kitu cha watu wasio na miguu ya kutembelea. Nikamwona Mutheu anasimama wima, kama mtu akiitwa darasani.

"Paker?" akasema.

Sauti ikatoka upande wa pili, kubwa, ya mtu asiyeamini waya: "Paker!"

Mutheu akageuka, akaangalia ukuta, akaanza kusikiliza.

Nikatoka nje. Hakuna aliyeniambia. Nimesimama kwa baridi pale mbele ya duka, mikono mfukoni, mpaka akamaliza. Jirani wa Busia akapita akauliza kama nimefungiwa nje na mke. Nikamwambia hapana, kuna watu wanaongea.

Wameongea muda mrefu. Sijui walisema nini. Kwa kawaida hapa ningewaandikia kila neno, na ningeongeza mengine. Leo nimeacha hivyo, kuna nafasi.